Kabla ya kumlaumu simba

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mfugaji wa nyuki, mizinga yangu iko msituni huku Sikonge. Kila siku nasikia lawama kwamba simba wanamaliza ng'ombe. Sawa, wanakula. Lakini nani kawaandalia njaa?

Miti ya miombo inakatwa kila msimu iwe kuni za kulisha mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto, na ngiri na swala wanasogea nayo. Wanaobaki wanategewa nyaya, zile zinazochunwa kwenye matairi chakavu. Waya haubagui: umetegewa ngiri, anaingia simba. Kila anapovuta unamkaza shingo, hadi unazama kwenye nyama. Akichomoka anabaki kilema, na simba kilema hafukuzi swala, anafuata zizi.

Hapo ndipo inapokuja sumu. Mzoga wa ng'ombe unamwagiwa dawa ya shambani. Jike na watoto wake wanakwisha kwa mlo mmoja, pamoja na fisi na tumbusi wasiohusika.

Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, vizuri, ila simba hasomi mabango ya mpaka. Halmashauri zianze na kuni: anayelima tumbaku aonyeshe kwanza miti aliyopanda, tena iliyoshika, si miche ya kupigia picha.

Mfugaji nyuki,
Sikonge, Tabora