Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazazi, na wazee wetu wa Walukuba, hapa Jinja,

Habari za fedha mtasomewa na mtunza hazina. Hatudaiwi na mtu. Mimi nataka kuzungumzia Jumamosi zetu za hadithi.

Miezi ya mwanzo tulikosea, na kosa lilikuwa langu. Nilishikilia kila hadithi iishe na funzo lake. Watoto waliitikia "Hadithi njoo," wakasikiliza, wakapiga makofi, wakaenda zao mpirani. Hakuna aliyerudi na swali.

Mwezi wa sita nikawasimulia habari za Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyekuwa na jicho moja tu. Aliwaona watoto waliovimba taya kwa saratani isiyoeleweka, akaandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, wakazunguka kilomita 16,000 hivi, hospitali hadi hospitali, wakiuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Penye joto na mvua nyingi waliambiwa ndiyo. Kwenye baridi ya milimani, hapana.

Saa ikawa imekwisha, nikakatia hapo.

Wiki ile sikupumua! Binti wa darasa la sita alinifuata hadi dukani: "Mwalimu, kule milimani kuna nini?" Wenzake walimwendea muuguzi wa zahanati, wakarudi na neno moja: mbu. Walikuwa wamekaribia mno. Saratani ile hufuata maeneo ya malaria kali, na mwaka 1964 watafiti wa London walitangaza kuviona virusi ndani ya chembe za uvimbe uliotumwa kutoka hapa Uganda. Nilipowaeleza hayo Jumamosi iliyofuata, hata wadogo kabisa walitulia, maana jibu walikuwa wamelitafuta wenyewe.

Tangu siku hiyo wanapima mvua kwa kopo la maziwa na rula, wanaandika daftarini kila asubuhi. Hawakuagizwa na mtu. Anayetunza daftari ni kijana yuleyule aliyekuwa akijificha zamu yake ya kusoma ikifika.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba ngano zinasahauliwa. Hapana, Wakayima, yule sungura wa ngano, ana Jumamosi yake kama zamani, na ujanja wake bado unawachekesha. Ninachoomba ni kwamba msimuliaji asikimbilie funzo. Mtoto akiuliza "kwa nini", tumwache ahangaike nalo siku mbili tatu.

Mwaka ujao tutasimulia bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na jinsi umeme wake ulivyoleta viwanda Jinja. Vitabu ninavyo, lakini havitoshi. Wazee mliofanya kazi viwandani mpo humu ukumbini. Nawaomba kwa heshima mjiandikishe kwa katibu kabla hamjatoka, na mwenye kitambulisho chake cha kazi cha zamani aje nacho, watoto wakishike.