Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: ukubwa wa tetemeko hautoshi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko lililotokea chini ya Bahari ya Hindi liliwatoa watu maghorofani mbio. Kilichotangazwa ni namba moja: ukubwa wa karibu 6. Namba hiyo hupima nguvu kwenye chanzo. Haimwambii mkaguzi aanzie Upanga au Kariakoo.

Hata kilele cha mchapuko wa ardhi, yaani kiwango cha juu kabisa cha mwendo wa ardhi kubadilika ghafla, ambacho wengi hukitegemea, hudanganya. Mexico City mwaka 1985, kwenye udongo laini wa ziwa la kale, kilele kilikuwa kama asilimia 17 tu ya mvutano wa dunia, na chanzo kilikuwa mbali, zaidi ya kilomita 300. Lakini udongo ule uliyumba mara moja kila sekunde 2 hivi, na maghorofa ya kimo cha kati yaliyokaribia mwendo huo yakaporomoka, huku nyumba fupi nyingi zikisalimika. Bembea ukiisukuma kwa wakati wake, hata mkono wa mtoto huipandisha.

Kwa hesabu ya haraka, kila ghorofa huongeza sekunde 0.1 kwenye muda wa yumbo moja, kwenda na kurudi: jengo la ghorofa 3 huyumba mara moja kila sekunde 0.3, la 12 kila 1.2. Kwa hiyo rekodi ya mtikisiko hupitishwa kwenye majengo ya kihesabu ya sekunde 0.1 hadi 3, kwa ufifishaji (jinsi jengo linavyojipunguzia yumbo) wa asilimia 5, tuone kila moja lingetikisika kiasi gani. Muda ambao mtikisiko unadumu nao uhesabiwe. Zege likipasuka hulegea, na mayumbo 30 yanaweza kuangusha jengo ambalo mayumbo 3 yangeliachia nyufa tu.

Tunaomba vipima mchapuko vya pande 3, vinavyosoma mara 200 kwa sekunde: kimoja bonde la Msimbazi, mbali na jengo lolote, kingine kwenye ardhi ngumu, na viwili ndani ya jengo refu, chini na juu kabisa. Vifungwe kwa bolti kwenye zege lenyewe. Vikigandishwa juu ya marumaru iliyolegea, mtapima marumaru. Visikae jirani na mashine ya lifti wala jenereta. Saa zao zifuate GPS, la sivyo rekodi ya chini na ya juu hazilinganishiki. Betri zihimili saa 24; umeme wetu mnaujua.

Na wahandisi wapewe rekodi nzima ghafi, si kilele pekee: kutoka kwenye kilele, hesabu hizi hazifanyiki.