Kabla ya orodha ya vivutio, ulizia siku za kufungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale ambao, kila likizo inapokaribia, hutushauri kwamba mji mkuu wowote unazungukika kwa siku moja, mradi uwe na orodha ya vivutio kumi na viatu vizuri. Kuhusu viatu sina ubishi. Orodha ndiyo inayowaponza watu.

Vivutio vingi vya mji mkuu ni mahali pa kazi za watu. Bungeni kuna vikao, ikulu ina mwenyewe, na mgeni wa taifa akitua, barabara uliyopanga kupita inafungwa. Ndiyo maana nasema swali la kwanza ni siku gani kumefungwa. Tutaona nini, hilo lifuate.

Chukua Paris. Louvre, jumba maarufu la makumbusho, hufungwa Jumanne. Orsay, makumbusho nyingine iliyo ng'ambo ya mto, hufungwa Jumatatu. Mwenye Jumatatu na Jumanne tu akianza na Louvre ataona zote. Akigeuza mpangilio, anarudi kwao hajaona hata moja. Kremlin ya Moscow nayo hupumzika Alhamisi, kwa hiyo hakuna kanuni ya kukariri. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama mbele ya geti lililofungwa, tiketi ya treni ya kurudi ikiwa mfukoni, nikisoma kibao chenye habari ambazo ningeweza kuzipata wiki mbili kabla sijatoka nyumbani. Kosa lilikuwa langu, ila liliniuma.

Milango mingine hufuata majira. Kumbi za kifahari za Kasri la Buckingham, London, hufunguliwa kwa umma hasa wakati wa kiangazi, mfalme akiwa hayupo. Bunge la Uingereza ni kinyume chake: likiwa na kikao, mgeni anaweza kukaa kwenye roshani ya umma na kusikiliza mjadala bila kulipa chochote. Wengi hawalijui hilo, wanaishia kulipa fedha nyingi kupanda London Eye, lile gurudumu kubwa la ng'ambo ya mto. Berlin, kuba la kioo alilobuni Norman Foster juu ya Reichstag, jengo la Bunge la Ujerumani, halina kiingilio, lakini hupandi bila kujiandikisha kwanza. Bure, basi, haina maana ya kujiendea tu.

Na siasa zina lao. Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington hayatozi kiingilio, lakini Januari 2019, wakubwa walipovutana juu ya bajeti ya serikali, yalifungwa kwa wiki kadhaa. Aliyekuwa amepanga siku zake zote ndani ya majumba hayo alibaki kupiga picha milango. Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa kuwa na mpango wa pili wa mahali pasipo na mlango.

Umbali nao hudanganya, maana miji hii mara nyingi hujengwa ipendeze macho ya mbali. Kutoka jengo la Bunge la Marekani hadi mnara wa kumbukumbu wa Lincoln, kwenye ramani ni kama jirani na jirani. Kwa miguu ni kama kilomita 3, tena juani. Brasília, mji mkuu wa Brazil uliozinduliwa 1960, ulichorwa kwa kufikiria gari kuliko mtembea kwa miguu.

Mimi sasa hupanga mambo mawili tu kwa siku: moja la ndani lenye saa iliyohifadhiwa, na moja la nje lisilofungwa. Huo mnara wa Lincoln, kwa mfano, uko wazi usiku na mchana, na usiku ndipo unapopendeza zaidi.

Kwako Mhariri nina ombi dogo. Ukurasa wa safari ukichapisha tena picha ya kasri, chini yake mtuwekee na siku linapofungwa.

Msomaji wako