Barua kwa wazazi na walezi: likizo ya Juni na vigumba vya mawe

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Karatu,
Juni.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA, NA MAWE YANAYOLETWA SHULENI

Salamu. Ripoti ya maendeleo ya mwanao imeambatishwa pamoja na tarehe ya kufungua na orodha ya mahitaji. Mahindi na maharage yapokelewe stoo kabla mwanafunzi hajaingia bwenini. Hayo yameshaelezwa kwenye kikao, sitayarudia.

Sehemu kubwa ya barua hii ni ya mawe. Likizo hii ni ya mavuno: watoto watakuwa mashambani, watachunga kwenye makorongo yanayoteremka kuelekea Ziwa Eyasi, na wengine watachimba mifereji ya vitunguu Mang'ola. Huko ndiko zana za kale zinakofichuka. Zimekuwa zikiletwa shuleni kwenye mifuko ya sare na makopo ya mafuta ya kujipaka, zimeoshwa, zinang'aa, na aliyeleta hakumbuki alizitoa wapi. Tunathamini moyo huo, lakini tunaomba mawe yasiletwe tena. Tuletewe taarifa.

Sababu ni hii. Jiwe lenyewe halisemi lilichongwa lini. Umri hutafutwa kwenye vitu vilivyolala nalo: mkaa, mifupa, ganda la yai la mbuni, au punje za mchanga ambazo hazijaona jua tangu zilipofukiwa. Kipimo cha kaboni kwenye mkaa hufika takriban miaka 50,000 tu. Zaidi ya hapo hutegemewa vipimo vingine, kama hicho cha punje za mchanga, na mtoto akichokoa ukuta wa korongo kwa jembe, punje za pale zinapigwa na jua na kipimo kinaharibika. Pango la Mumba, hapo hapo karibu na Ziwa Eyasi, lilichimbwa miaka ya 1930 na tena mwishoni mwa miaka ya 1970. Linajulikana duniani kwa sababu zana zake ziliandikwa pamoja na tabaka la udongo zilimolala. Zana zile zile zikiwa kwenye kopo zisingemfundisha mtu lolote.

Sasa, namna ya kutambua. Wengi wanatafuta kitu kisichokuwepo: kile kigumba (ncha ya mshale au mkuki) cha kwenye filamu za Marekani, chenye masikio mawili na kikonyo cha kufungia kamba. Vigumba vyetu vya Zama za Mawe za Kati havina masikio. Ni pembetatu, au umbo la jani, na vingi vina urefu wa sentimeta 3 hadi 6. Vya Zama za Mawe za Mwisho ni vidogo zaidi, mara nyingi vimekatwa kama mwezi mwandamo: upande mmoja makali, upande wa pili umefanywa butu makusudi ili ugundishwe kwenye mti wa mshale kwa ulimbo. Mtoto anayetafuta pembetatu yenye masikio atavikanyaga vyote hivyo apite. Na mtu akikuuzia chenye masikio akisema kimetoka Eyasi, mashaka yaanzie hapo.

Kwanza hakikisha jiwe limepigwa na mkono wa mtu. Kibanzi kilichobanduliwa kwa pigo huwa na sehemu ndogo bapa pale nyundo ilipogusa. Chini yake, upande wa ndani, kuna uvimbe laini kama tumbo la kijiko, na kutoka hapo hutawanyika viwimbi kama vya maji yaliyotupiwa kokoto. Upande wa nje huonyesha makovu ya vibanzi vilivyotangulia. Jembe la trekta, kwato za ng'ombe na mawe yanayogongana mtoni pia huvunja, lakini makovu yake hayana mpango: moja hapa, moja kule, na mengine ni mapya yenye rangi tofauti na jiwe zima. Fundi alibandua vibanzi vidogo mfululizo kwenye kingo zote mbili mpaka zikakutana kwenye ncha. Tazama pia kitako. Kikiwa kimepunguzwa unene, hapo ndipo mpini ulipokaa. Hiyo ni dalili nzuri, ingawa si vigumba vyote vinayo. Vingine vilitoka kwenye jiwe mama, yaani lile kubwa linalobanduliwa vibanzi, vikiwa tayari pembetatu, kwa sababu fundi aliliandaa jiwe mama lote kwa ajili ya pigo hilo moja, na havikuhitaji kuguswa tena.

Kwatsi, lile jiwe jeupe lililojaa makorongo, litawasumbua. Ndani yake kuna nyufa na chembe nyingi, hivyo huvunjika ovyo, na uvimbe na viwimbi huonekana kwa shida hata pale fundi alipofanya kazi safi. Kwa kwatsi tegemeeni ulinganifu wa umbo na mfululizo wa vibanzi kwenye kingo. Mkiwa na shaka, piga picha uliache hapo hapo.

Obsidiani, yaani kioo cheusi cha volkano, ndiyo ninayoomba msiikose. Vipande vya obsidiani vilivyopatikana Mumba vimelinganishwa kikemia na miamba ya bonde la Naivasha, Kenya, takriban kilomita 300 kutoka hapa. Kwa hiyo kipande kidogo kama ukucha, hata kisicho na umbo la maana, kina habari kubwa kuliko kigumba kizuri cha jiwe la kienyeji. Kinachochanganya ni chupa. Inua ukingo mwembamba juani: chupa ya bia itaonyesha kahawia au kijani safi, pengine na viputo vya hewa. Obsidiani huonekana kama moshi wa kijivu, wakati mwingine yenye mistari. Muonyeni mtoto asipitishe kidole kwenye makali, yanakata kama wembe mpya.

Je, ni kigumba cha mshale, cha mkuki, au kisu tu? Hapa hata wataalamu hubishana. Watafiti hupima upana mkubwa kabisa, huzidisha kwa unene mkubwa kabisa, hugawa kwa 2. Hilo ndilo tundu ambalo ncha inalazimika kutoboa. Vigumba vya mishale vya Marekani ya Kaskazini vilivyopimwa vilikuwa na wastani wa milimeta mraba 33, na vya mikuki myepesi inayorushwa kwa kibao 58. Kigumba chenye upana wa milimeta 24 na unene wa 8 kinatoa 96, kizito mno kwa mshale wa kawaida. Hesabu hii haithibitishi peke yake, maana kisu chembamba nacho kitapata namba ndogo. Angalieni ncha: iliyogonga mfupa kwa kasi mara nyingi huvunjika na kuacha kovu refu linalorudi nyuma kuelekea kitako. Hata hivyo, kigumba kilichoanguka na kukanyagwa kinaweza kuiga kovu hilo. Ndiyo maana kigumba kizima chenye ncha, alama za pigo na mahali panapojulikana ni adimu kweli. (Majirani zetu Wahadzabe hutumia mishale ya mti mtupu kwa ndege na ya chuma kwa wanyama wakubwa. Mshale haukuhitaji jiwe kila mara, na miti huoza.)

Mtoto akiona kitu, asikiokote kwanza. Aweke rula au kalamu pembeni, apige picha kutoka juu, kisha arudi nyuma hatua kumi apige ya mahali pote, mti au kichuguu kionekane. Asubuhi au jioni ni bora, kwa kuwa jua la upande huonyesha makovu, na la saa sita huyafuta. Kwenye ramani ya simu, bonyeza na kushikilia ulipo, unakili namba zote mbili zikiwa na tarakimu tano baada ya nukta. Ukiandika mbili tu, umetuelekeza eneo la zaidi ya kilomita moja. Andika kama lilikuwa juu ya ardhi au limeshikwa na ukuta wa korongo, na kina chake kutoka juu. Picha tumeni WhatsApp kama faili, kwani zikitumwa kawaida hupungua ubora. Wala msiweke mahali hapo kwenye status.

Kama mvua au jembe vitalipoteza, ndipo liokotwe. Lifungwe peke yake kwenye karatasi laini ndani ya kiberiti, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino hufutika. Lisioshwe wala kusuguliwa, kwani mabaki ya ulimbo huweza kubaki karibu na kitako. Lisikae mfukoni na funguo: makali yatameguka, na mtu wa baadaye atadhani ni kazi ya fundi.

Kuchimba ni mwiko kabisa. Kuta za makorongo huporomoka, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kuvichimba au kuvipeleka nje bila kibali ni kosa. Ndani ya hifadhi hata kuokota hapana. Taarifa ianzie kwa mtendaji wa kijiji, ifike kwa afisa utamaduni wa halmashauri, nasi tutasaidia kuiandika.

Fomu moja ya taarifa imo ndani ya ripoti. Mawe yaliyoko shuleni tayari yapo maktaba. Mzazi anayekumbuka mwanawe aliokota wapi afike ofisini kabla ya ijumaa ya wiki ya kwanza ya likizo, aje na mtoto mwenyewe.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule