Risala ya Wanaojitolea katika Maktaba ya Umma kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Chumba cha Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Maktaba,
Viongozi wa mji,
Walimu, wazazi na wasomaji wetu,
Na ninyi watoto mliokwisha kuingia na kuanza kusoma kabla utepe haujakatwa,

Kwa niaba ya wote wanaojitolea katika maktaba hii, tunakukaribisha na kukushukuru kwa kukubali kuja kutufungulia chumba hiki. Risala za namna hii huwa na historia ndefu mwanzoni na orodha ndefu zaidi ya mahitaji mwishoni. Yetu ina ombi moja. Tunaomba utuvumilie kidogo kabla hatujalifikia, kwa sababu usipojua tulivyokua, huenda ukadhani tunaomba vitabu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maktaba hii ilianza na kabati moja, daftari la kuazimia na ufunguo uliokaa mfukoni mwa mtu mmoja. Mwenye ufunguo akisafiri, na maktaba imesafiri. Hatukupungukiwa vitabu hata siku hizo. Tulipungukiwa uhakika wa kukuta mlango wazi. Msomaji anayekuta kufuli mara mbili harudi mara ya tatu. Ndipo tukapanga zamu na kubandika saa za kufungua mlangoni, tukizipunguza hadi zikabaki zile tu tulizoweza kuzitimiza bila kukosa. Wapo waliotucheka kwamba tunakuza maktaba kwa kuifunga. Lakini wasomaji walianza kuongezeka tangu hapo, kwa kuwa sasa walijua lini waje.

Kuhusu vitabu, wahisani wetu ni wengi na tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, leo turuhusiwe kusema ukweli ambao kwa kawaida tunaumeza. Kila anayehama nyumba hutukumbuka sisi. Tumeletewa ramani zenye nchi ambazo hazipo tena, vitabu vya kompyuta vilivyoandikwa kwa mashine ambazo hata fundi hazitambui, na vitabu vya tiba vinavyoelekeza matibabu yaliyokwisha kuachwa. Hivi vya tiba ndivyo vilivyotufumbua macho. Msomaji hukiamini kitabu kwa sababu amekikuta maktaba, kwa hiyo kitabu kilichopitwa na wakati kinaweza kumdhuru kuliko rafu tupu. Tangu hapo tunachambua rafu zetu na kuondoa visivyofaa. Wapo waliosikitika, na mmoja wetu bado hajatusamehe kwa zile ensaiklopidia. Tumeshikilia msimamo huo.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote ni ya kuvipanga. Tunatumia mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeuchapisha mwaka 1876, unaogawa maarifa yote katika madaraja kumi ya namba, na kila daraja katika vifungu vidogo: sayansi 500, kilimo 630, ufugaji 636, historia na jiografia 900. Mwanafunzi aliyewahi kuzunguka chumba kizima akitafuta kitabu cha mifugo, leo huenda moja kwa moja, na akifika hukuta pia vitabu jirani ambavyo hakujua kama vipo. Daftari nalo tumeliaga. Tunatumia Koha, programu huria iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000 katika maktaba za Horowhenua. Haidai malipo ya leseni. Inadai mtu wa kuihudumia, na huyo mtu ndiye anayetuleta kwenye jambo letu.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu chumba unachokifungua. Rafu zake ni fupi makusudi, na vitabu vinaonyesha majalada badala ya migongo, maana mtoto asiyejua kusoma huchagua kwa picha. Humu hakuna amri ya kunyamaza. Hakuna faini pia. Tuliwahi kuwatoza watoto, na tukagundua kwamba anayechelewesha kitabu huogopa faini, hukificha kitabu, kisha hujificha na yeye mwenyewe. Maktaba ikawa imepoteza kitabu na msomaji pamoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliweka kanuni tano za kazi hii, na ya tano inasema kwamba maktaba ni kiumbe kinachokua. Sisi tunakiona kikikua, na tunaona mikono inayokilea ikibadilika kila mara. Vijana wanaotusaidia humaliza masomo na kuondoka. Wastaafu, ambao ndio uti wa mgongo wetu, miili yao inachoka. Kila anayeondoka huondoka na ujuzi uliokuwa kichwani mwake, na anayempokea huanza upya. Katika rafu zetu utakuta vitabu vitatu vya somo moja vyenye namba tatu tofauti, kwa sababu vilipangwa na watu watatu, kila mmoja kwa nia njema. Moyo wa kujitolea unaweza kuanzisha maktaba na hata kuikuza. Kuihakikishia mwaka ujao hauwezi.

Hili si geni kwa miji midogo. Mji wa Peterborough, jimboni New Hampshire nchini Marekani, unakumbukwa hadi leo kwa kuwa mwaka 1833 uliamua kuendesha maktaba ya bure kwa fedha za kodi. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma, aligharimia majengo ya maktaba zaidi ya 2,500 duniani, na kwa kawaida hakutoa fedha mpaka mji utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya jengo kwa ajili ya kuliendesha. Alijua kwamba kujenga ndiyo sehemu rahisi.

Kwa hiyo ombi letu ni hili: mkutubi mmoja aliyesomea kazi hiyo, mwenye mshahara unaoonekana katika bajeti ya mji kila mwaka, katika fungu lake lenyewe. Wewe unakaa katika kikao kinachopitisha bajeti hiyo, sisi hatukai. Mkutubi huyo hatatuondoa. Tutaendelea kuwasomea watoto hadithi, kushona vitabu vilivyochanika na kuwapelekea vitabu majumbani wasioweza kutembea. Yeye atashika orodha, programu, mafunzo yetu na siri za wasomaji, kwani anachoazima mtu ni jambo lake.

Baadhi ya wenzetu wana hofu, nasi tuliahidi kuisema mbele yako: kwamba anayelipa mshahara ataanza kuchagua vitabu. Tunaomba mkutubi akiajiriwa, uchaguzi wa vitabu ubaki mikononi mwake pamoja na Kamati yenye wasomaji ndani yake, na jambo hilo liandikwe.

Makadirio ya gharama na rasimu ya majukumu ya mkutubi vimo ndani ya bahasha utakayokabidhiwa na Mwenyekiti baada ya kukata utepe. Mkasi unao mtoto aliyekaa mstari wa mbele, na ameanza kukosa subira.

Naomba kuwasilisha.