Mjomba, zile ramani usizichome

Mjomba, shikamoo.

Nasikia unahama hapo Tororo kurudi shambani, na makaratasi yote ya enzi zako za trela yanangoja kiberiti. Risiti choma. Ramani za barabara nakuomba sana uziache, na nakuandikia hadharani kwa sababu madereva wengi wazee wa njia ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, wana rundo kama lako chini ya kitanda.

Ramani moja inakuonyesha njia tu. Ukizipanga kwa miaka unaona nchi ilivyoamua barabara ipite wapi na imruke nani.

Chukua Jinja. Baada ya 1954, barabara ya Kampala ilivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, na ikabaki hapo zaidi ya miaka sitini. Mizigo ya Mombasa iliyokwenda Kampala na hata Kigali ilipita juu ya ukuta ule ule unaotupa umeme. Wewe mwenyewe ulipita. Oktoba 2018 likafunguliwa daraja jipya la nyaya, mita 525, na kwenye ramani mstari ukasogea kidogo tu.

Kinachonishika zaidi ni vinamasi. Ramani za kipimo cha 1:50,000, ambazo sentimita moja ni nusu kilomita, huchora kinamasi kwa vishungi vidogo vya buluu. Tazama kandokando ya Kampala: barabara za zamani zinafuata vilima, zinashuka kwenye mafunjo pale tu zinapolazimika. Ile ya zamani ya Entebbe inapita Najjanankumbi, Zana, Kajjansi, maduka na watu pande zote. Sasa weka juu yake ile ya kulipia, iliyofunguliwa Juni 2018. Inaanzia Busega, inaikwepa misongamano hiyo, na pale Nambigirwa inavuka kinamasi kwa daraja la karibu kilomita moja na nusu. Northern Bypass ya 2009, barabara inayozunguka Kampala upande wa kaskazini, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, nayo ikapenya kinamasi cha Lubigi. Mimi naamini sababu kubwa ni fidia: vilimani kuna nyumba na makaburi ya watu, kwenye mafunjo hakuna wa kubisha. Lakini mafunjo yale ndiyo yaliyokuwa yakinywa mvua ya jiji. Hakuna kibao cha barabarani kitakachokuambia hayo, ila ukiweka ramani mbili sambamba utayaona mwenyewe.

Waingereza, ambao barabara yao ya kwanza ya kasi ilikuwa kipande cha Preston mwaka 1958, na M1 ikafuata mwaka uliofuata, walizoea kuzichora kwa vistari vya kukatika kabla hazijajengwa. Wapenzi wa ramani kule huvifuata vistari hivyo toleo kwa toleo, wajue ahadi ipi ilitimia na ipi ilifutwa kimyakimya. Sisi nasi tunayo yetu: barabara ya kasi ya Kampala–Jinja, kilomita 77, inayosubiriwa miaka na miaka. Siku ikikamilika, magari ya safari ndefu yatapita mbali na soko la barabarani la Namawojjolo, na wale vijana wanaokimbilia madirisha na kuku wa kuchoma na ndizi za gonja watamkimbilia nani? Hapo ndipo nakuhitaji wewe. Mchora ramani aliandika jina la mji. Hakuandika mlipolala, lami ilipoishia ikaanza murram, kilima kilichowaulia breki, wala mama aliyewauzia chai usiku. Wewe unayajua.

Basi yaandike, kwa penseli, wino hupenya karatasi. Ukianza, angalia pembezoni chini: mwaka wa picha zilizopigwa kutoka ndegeni na mwaka wa kuchapwa huwa tofauti, hivyo karatasi inaweza kuonekana mpya huku barabara zake ni za miaka mingi nyuma. Andika na mwaka wako wewe, ulioiona barabara ikiwa hivyo. Palipochanika usitie selotepu, inageuka manjano na kula maandishi. Zikunje kwa mikunjo yake ile ile.

Nitapanda basi la asubuhi Jumamosi. Mwambie mjukuu asikupe kiberiti kabla sijafika.