Malalamiko Kuhusu Seti za Injini Zisizoingia Black Mamba

Karakana ya Baiskeli,
Kamukunji, Nairobi.

Kwa Meneja wa Mauzo,

MINT: SETI 6 ZA INJINI ZILIZOUZWA KAMA "80CC, BAISKELI YOYOTE"

Tulinunua kwenu seti sita za injini za petroli za kufunga kwenye baiskeli. Nakala ya risiti tumeiambatisha. Injini zenyewe zinawaka bila shida. Tunacholalamikia ni sproketi ya nyuma, yaani duara la meno linalovutwa na cheni, pamoja na maneno mliyoyachapisha kwenye boksi.

Boksi linasema seti inaingia baiskeli yoyote ya inchi 26 hadi 28. Nairobi, mtu akitaja baiskeli ya inchi 28 anamaanisha black mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, na gurudumu lake la nyuma lina spoki 40. Sproketi yenu ya meno 44 inashikwa na raba mbili na bolti 9 zinazopenya katikati ya spoki. Mpango huo ni wa spoki 36: kila bolti na spoki zake nne. Spoki zikiwa 40, mianya haifuatani tena na matundu, na baadhi ya bolti hutua juu ya spoki. Ukikaza, spoki inapinda. Ukilegeza, sproketi inayumba.

Magurudumu mawili yameharibika. Moja tulilipima: sproketi ilikuwa ikiyumba milimita 4, nasi hatungeruhusu zaidi ya 1. Tulipoifungua tulikuta meno ya bolti yamekula spoki kama tupa, na mbili zimekatika pale kwenye kona, zinapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Kidhibiti cheni, kirola kinachoikaza cheni, nacho kilikuwa kimezunguka juu ya bomba la fremu na kuinamia spoki, kwa sababu cheni inayovutwa huku na huku hulegeza kila kitu. Kikiingia ndani kabisa, gurudumu hukwama papo hapo, na dereva yuko barabarani.

Mhudumu wenu wa kaunta alituambia tutoboe raba upya. Raba hata kisu kinaitoboa! Lakini sahani za chuma zinazobana raba, na sproketi, pia zina matundu 9. Ukiongeza 10 mapya kwenye duara lilelile, matundu yanakaribiana mno na chuma kinabaki chembamba. Ushauri wa namna hiyo usitolewe tena kwa mteja.

Akatupa njia nyingine mbili. Ya kwanza ni rola inayosugua tairi ili kuzungusha gurudumu. Kwenye vumbi kavu inaenda, lakini mvua ikinyesha inateleza, na mzigo ukizidi inakula tairi. Ya pili ni injini ya 49cc ya mipigo minne. Hiyo ni tulivu na haihitaji kuchanganyiwa oili kwenye petroli, ila ni pana. Inadai kranki pana za pedali, na kranki za black mamba zimefungwa kwa kotapini (pini ya kabari), kwa hiyo hubadilishi kranki bila kubadilisha na ekseli yake. Hayo yote ni gharama ambayo boksi halikuitaja.

Kuhusu hiyo "80cc", yaani ujazo wa silinda: silinda tumeipima, kipenyo ni milimita 47 na pistoni inasafiri milimita 38. Hesabu yake ni takriban 66cc. Tunajua jina la 80 limezoeleka katika biashara hii, lakini mnunuzi wa kawaida halijui, na bei aliyolipa ni ya 80.

Tofauti hiyo inaonekana mlimani. Gia za ndani zinapunguza mzunguko mara 4.1, sproketi ya injini ya meno 10 kwa ya gurudumu ya meno 44 inapunguza mara 4.4, jumla kama 18. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, gurudumu la inchi 26 linakwenda kama kilomita 34 kwa saa. La inchi 28 linafika karibu 37. Kasi hiyo hakuna aliyeiomba. Mwenye kreti za mkate akipanda Waiyaki Way kuelekea Kikuyu anahitaji nguvu, la sivyo atacheza na klachi mpaka ichomeke. Sproketi ya meno 50 ingemshusha hadi kilomita 32 hivi, na ingemfaa zaidi.

Karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu fimbo ya breki ya nyuma, inayoshuka kando ya bomba ambalo mguu wa mbele wa injini unabana. Haisemi pia kwamba hapa, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na petroli inazidi: plagi inakuwa nyeusi na injini inakohoa. Kupandisha klipu ya sindano ya kabureta pengo moja husaidia. Wala haitaji kipimo cha oili ya kuchanganya na petroli. Mililita 50 kwa lita moja ya petroli ingetosha kuandikwa.

Tunadai, ndani ya siku 14: sproketi 6 za meno 50 zenye matundu 10, pamoja na raba na sahani zake, au habu, rimu na spoki za magurudumu 6 ya spoki 36, au fedha zetu zote. Spoki zilizokatika mtalipa pia. Maneno "baiskeli yoyote" na "80cc" yaondolewe kwenye maboksi yaliyobaki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya habari anazohitaji ili aitumie ipasavyo.

Magurudumu mawili yaliyoharibika yako karakanani. Mtumeni fundi wenu ayaone, aje na kalipa ya kupimia.

Wenu,
Mafundi wa karakana